Hana pa kulala, hana nyumba, hana makaazi, hana kwao

Barua ya sheha, kiongozi wa shehia, eneo dogo la utawala Zanzibar, ikiandikwa "mtu huyu hana makaazi", anayeipokea ofisini bado hajajua amsaidie nini. Huenda ni kijana anayelala kwenye baraza za Darajani, sokoni mjini Unguja, maduka yakishafungwa. Huenda ni mama aliyeachika, akarudi Jang'ombe kwa kaka yake na watoto watatu, wote chumba kimoja. Huenda ni mzee wa Micheweni, Pemba, ambaye ukuta wa nyumba yake ya udongo umelala chini kwa mvua za masika. Wa kwanza anataka pa kulala leo. Wa pili anapo pa kulala, ila hajui mpaka lini. Wa tatu ana kiwanja, ana majirani, ana jamaa. Anachotaka ni miti, fito na mikono ya watu.

Kiswahili hakina neno moja linalozikusanya hali hizi tatu. Watafsiri wa fomu na waandishi wa habari wamelichukua "asiye na makaazi" lisimame badala ya homeless la Kiingereza, na sasa kila asiyeweza kuonyesha nyumba yake hutiwa humo. Msaada ukipimwa kwa neno hilo peke yake, kijana wa Darajani anapewa mabati na mzee wa Micheweni anatafutiwa kitanda mjini. Lugha yenyewe inauliza maswali manne, na kila swali lina neno lake: usiku huu unalala wapi, paa ni la nani, unajulikana kuishi wapi, na kwenu ni wapi. Mtu anaweza kulijibu moja akakwama kwa jingine.

Makaazi na jamaa zake

Makaazi limetoka kwenye kitenzi kaa. Ndugu zake ni makao, mkaazi, ukaazi, kikao na mkao. Bara huandikwa makazi na mkazi kwa a moja. Unguja na Pemba a zote mbili husikika na huandikwa, na ndivyo lilivyo jina la Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005. Kukaa ni kuketi, na kukaa ni kuishi mahali. Makaazi yamechukua maana ya pili, na ndani yake mna mambo mawili ambayo neno nyumba halina: muda, na kujulikana. Makaazi ya mtu ni pale ambapo watu wanaweza kushuhudia kuwa anaishi.

Kwa hiyo hili ni neno la daftari. Sheha ndiye anayewajua wakaazi wa shehia yake, na barua yake hutakiwa katika shughuli nyingi, kuanzia kitambulisho hadi maombi ya msaada. Kwa miaka mingi sheria ya uchaguzi ya Zanzibar ilitaka mtu wa kawaida awe ameishi jimboni miezi 36 mfululizo ndipo aandikishwe kupiga kura. Sensa hufuata njia nyingine kabisa: ile ya Agosti 2022, iliyohesabu watu 1,889,773 Zanzibar, ilimhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, awe mkaazi wa hapo au mpita njia. Daftari la kura liliuliza makaazi. Karani wa sensa aliuliza pa kulala. Kijana wa Darajani anaweza kuwa mkaazi halali wa shehia moja ya Wete, Pemba, jina lake limo na sheha anamjua, na hapa mjini hana pa kulala. Na mama anayehama kila baada ya miezi mitano, leo kwa dada Fuoni, kesho kwa mjomba Bububu, hajapata hata usiku mmoja wa kulala nje, lakini ukaazi wake haukamiliki popote.

Makao yamekwenda upande mwingine. Kenya na sehemu za Bara mtu husema "asiye na makao" na akaeleweka. Kwetu makao yamezoeleka katika makao makuu ya chama au ya jeshi, katika makao ya watoto yatima, na katika tafsiri za Qurani, ambamo Moto huitwa makao mabaya. Ukimwandika mtu wa Unguja kuwa "anatafutiwa makao", wengi wataelewa kuwa anapelekwa kwenye kituo cha kulelea.

Maskani ndilo linalopotosha zaidi. Kwa Kiarabu ni mahali pa kuishi, na kamusi huliweka hivyo. Lakini uliza mtu yeyote wa Michenzani maskani ni nini, atakuonyesha baraza au kivuli ambapo vijana wa chama hukutana, na bao na kahawa vikiwapo. "Hana maskani" kwa Mzanzibari ni kusema hana kijiwe. Liache kwenye ushairi.

Malazi hutokana na kulala, na hufuatana na chakula: mgeni hupewa chakula na malazi, mwanafunzi wa skuli ya mbali hukosa malazi kwa sababu dahalia imejaa. Ni neno la muda mfupi na la huduma. Linafaa kwa siku tatu za baada ya mafuriko, wakati watu wamewekwa madrasani na skulini, wala halifai kwa miaka.

Pa kulala, pa kujistiri

Kiambishi pa ni cha mahali mahsusi, na hana pa kulala ndiyo kauli kali kuliko zote, kwa sababu inamaanisha usiku huu huu. Watu wazima husema pia hana pa kulaza ubavu. Usiitumie kwa mtu anayelala kwa jamaa yake hata kama analala sakafuni: utamtukana mwenyeji, na huyo mwenyeji ndiye aliyemwokoa.

Hana pa kujistiri ni pana zaidi, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndiyo kauli bora tuliyo nayo. Stara si paa tu. Ni ukuta wa kubadilishia nguo, choo cha kwenda bila kuonekana, pa kukogea, mlango wa kufunga. Mtu aliye ndani ya pagale, nyumba isiyokwisha, bila milango, amepata pa kulala na bado hana pa kujistiri. Mwanamke au mtoto wa kike akiwa katika hali hiyo, andika hivyo hivyo. Msomaji wa Kizanzibari ataelewa mara moja kwa nini mlango unahitajika kabla ya saruji ya sakafu.

Kukosa nyumba ni jambo jingine

Hana nyumba, kwa watu wa mjini, maana yake ya kwanza ni kuwa hamiliki. Mpangaji aliyeishi Kikwajuni miaka 20 na kulipa kodi yake bila kuchelewa atakwambia "mimi sina nyumba". Hajakosa makaazi. Vivyo hivyo anayekaa katika nyumba ya wakfu: ana makaazi, pengine tangu enzi za babu yake, lakini nyumba haiuziki wala hairithiwi kama mali, na msimamizi wake ni Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana.

Umiliki wenyewe kwetu umegawika tangu zamani. Katika Ng'ambo ya wakati wa ukoloni, mitaa ya mjini Unguja iliyo nje ya Mji Mkongwe, mtu alijenga nyumba yake ya udongo na makuti juu ya kiwanja cha mtu mwingine, akalipa kodi ya ardhi. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo waligoma kuilipa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ikawa ya Serikali, na wakulima wengi wakagaiwa eka tatu tatu. Hadi leo, tunapozungumza juu ya nyumba tunazungumza juu ya vitu viwili, jengo na haki ya kutumia ardhi iliyo chini yake. Ndiyo maana barua isiyosema kiwanja kiko katika hali gani haitoshi. Aliyeanguka nyumba akabaki na kiwanja anajengewa papo hapo. Aliyepoteza kiwanja hajengeki mpaka apatiwe pengine, hata akiletewa matofali.

Kwao

Nyumba hununuliwa, hupangishwa, huvunjwa. Kwao hakununuliki. Ni pale ambapo mtu akifika usiku hana haja ya kueleza kwa nini amekuja. Vijijini Pemba kwao kuna umbo linaloonekana: ni kiambo, nyumba kadhaa za jamaa mmoja zilizozunguka uwanja mmoja. Methali inasema mkataa kwao ni mtumwa, na ukali wake unaeleweka ukikumbuka kuwa mtumwa katika visiwa hivi alikuwa ni yule aliyekatwa na watu wake.

Hapa ndipo penye kisa cha wanawake wengi wanaokosa makaazi Unguja na Pemba, nao hawaonekani barazani. Talaka ikiwa ni rejea, yaani mume bado anaweza kumrejea mke, analazimika kumpa makaazi mpaka eda, muda wa kungoja baada ya talaka, ishe: twahara tatu kwa anayepata hedhi, miezi mitatu kwa asiyepata, na kwa mjamzito mpaka ajifungue. Surat Talaq imekataza asitolewe nyumbani kwake katika muda huo. Eda ikisha, haki hiyo imekwisha. Kuna siku inayojulikana, unayoweza kuihesabu kwenye kalenda, ambapo mwanamke anaamka akiwa na makaazi na analala bila nayo. Akiwa na kwao, anarudi. Wazazi wakiwa wamekufa na nyumba yao imeshagaiwa, kwao kumebaki jina tu.

Mjane naye hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, halafu huja mirathi. Tuchukue mfano: marehemu ameacha mke, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike, wazazi wake hawapo, madeni na wasia vimeshatolewa, na mali pekee ni nyumba. Mjane anapata thumuni. Saba ya nane iliyobaki wanagawana watoto, wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Nyumba inakuwa mafungu 40: mjane 5, kila mwana wa kiume 14, binti 7. Ikiuzwa kwa shilingi milioni 40, mjane ana milioni 5 mkononi na hana pa kurudi. Hesabu ni sahihi na hakuna aliyedhulumiwa. Kinachoharibika ni haraka ya kuuza. Warithi wakikubaliana, mjane anaweza kuachiwa chumba chake akakihesabu ndani ya fungu lake, na makubaliano hayo yaandikwe mbele ya kadhi siku hiyo hiyo. Ahadi ya mdomo hufa pale mmoja wa warithi anapotaka fedha.

Kwa mwanamke wa namna hii, "hana makaazi" ni neno dogo. Andika "eda imekwisha tarehe fulani, wazazi wamefariki, amejishikiza kwa kaka yake".

Kujishikiza

Kujishikiza ni kitenzi kizuri na fomu zetu zimekisahau. Mtu aliyejishikiza yuko ndani ya nyumba ya watu kwa hisani, hana mkataba, hana tarehe, na usalama wake ni subira ya mwenyeji. Methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, inajua vizuri kuwa hisani ina kipimo. Dalili ni rahisi kuziona: nguo zimo ndani ya begi wala hazimo kabatini, chombo cha kupikia ni cha mwenyeji, watoto wanalala sehemu tofauti, na jina la aliyejishikiza haliko kwa sheha wa hapo.

Kwa kuwa wana paa, watu hawa huachwa nje ya hesabu. Ulaya walilitatua tatizo hili kwa kukubali daraja. Shirikisho la mashirika yanayowahudumia watu wa namna hii huko, FEANTSA, lilitengeneza mgawanyo wa makundi manne: wasio na paa, wasio na nyumba, walio katika makaazi yasiyo ya uhakika, na walio katika makaazi yasiyofaa kuishi. Anayekaa kwa jamaa kwa kuwa hana pengine ameandikwa wazi katika kundi la tatu. Wajerumani nao hutenga obdachlos, asiye hata na paa, na wohnungslos, asiye na nyumba yake. Sisi hatuhitaji kukopa. Hana pa kulala, amejishikiza, hana pa kujistiri: daraja zimo, na kila mtu wa sokoni anazijua.

Tahadhari moja. Wengine husema "anawekwa kwa fulani" wakikusudia amepewa hifadhi. Kwa mwanamke usiandike hivyo kabisa. Kuwekwa kinyumba ni kuishi na mwanamume bila ndoa, na neno moja lililotupwa ovyo kwenye barua linaweza kumharibia jina lake shehia nzima.

Kitenzi kinataja sababu

Kabla ya kutafuta nomino, tazama kitenzi, maana Kiswahili huingiza sababu ndani yake. Amebomokewa: nyumba imeanguka yenyewe, kwa mvua au uchakavu. Amevunjiwa: kuna mtu au ofisi iliyovunja, kwa hiyo kuna wa kuulizwa na pengine kuna fidia. Ameunguliwa: moto. Ameezuliwa: upepo umeondoa paa, kuta zimesimama, huyu hahitaji kuhamishwa, anahitaji mabati au makuti kabla mvua haijalowesha udongo wa kuta. Nyumba imeingiwa na maji: paa na kuta vipo, lakini choo kimefurika na kisima kimechafuka, na kurudi mapema ni kutafuta kipindupindu. Ametolewa: mwenye nyumba ametaka nyumba yake. Amehamishwa: ameambiwa aende mahali fulani, hivyo uliza amepewa nini huko.

Herufi moja tu inatenganisha bomokewa na bomolewa, yaani kuvunjiwa, lakini moja linasomwa na watu wa maafa, jingine na mwanasheria. Ukilikosea neno hilo, faili linakwenda ofisi isiyo yake na kukaa huko.

Kukimbia nako kuna daraja yake. Mkimbizi huenda ana nyumba nzuri imesimama. Kilichomtoa ni hofu. Watu zaidi ya 2,000 waliovuka kutoka Pemba kwenda Shimoni, Kenya, baada ya machafuko ya Januari 2001, wengi walikuwa na nyumba na viambo vyao. Kuwaita wasio na makaazi kungeficha kilichowatoa.

Wanaolala nje wasiohusika

Si kila anayelala ufukweni amekosa kitu. Wavuvi wa dago huhama kufuata samaki na msimu, wakapiga kambi pwani wiki kadhaa, hata miezi, na nyumba zao ziko Kojani au kwengineko. Wachumaji wa karafuu Pemba hulala kambini shambani mpaka mikarafuu iishe. Msafiri aliyekosa boti akalala bandarini Malindi ni msafiri. Fiqhi imemtengea jina, ibnu sabil, na fungu lake katika makundi manane ya zaka: ana mali kwao, lakini njiani amekatikiwa.

Vilevile usichanganye ukata na kukosa makaazi. Kwa mafundisho ya Kishafii, ambayo wengi wetu huyafuata, nyumba mtu anayoishi haimtoi katika ufukara. Fakiri anaweza kuwa na kibanda chake na bado akastahiki zaka. Maskini ana kidogo kisichotosha. Wapo wanaoona maskini na maskani ni mtu na ndugu yake kwa kufanana herufi, na wanaisimu wa Kiarabu wa kale walilihusisha neno hilo na kutulia mahali pamoja. Utafiti wa lugha za kale umelifuatilia maskini hadi muškēnu la Kiakadi, lililokuwa jina la watu wa tabaka la chini. Halihusiani na nyumba. Mfano wa kweli wa waliokosa nyumba na jamaa kwa pamoja ni Ahlu Sufa, masahaba waliolala chini ya kipaa cha Msikiti wa Mtume Madina. Hao walipewa jina la mahali walipolala, wala hawakuitwa kwa walichokosa.

Maneno yanayohukumu

Mzururaji ni neno la mashitaka. Linasema mtu anatembea bila sababu, na halisemi hata chembe kuhusu anapolala. Mwaka 1983 Sheria ya Nguvu Kazi ilipotungwa Bara, wengi walikamatwa kwa jina hilo, wakiwemo wenye nyumba zao. Chokoraa limetoka Kenya, kwa kuchokora majaa, na linamwita mtoto kwa jina la taka.

Mtoto wa mitaani lina kasoro nyingine. Mtaa kwa Mzanzibari ni ujirani: Mtaa wa Mchangani, Mtaa wa Vuga, ambako kila mtoto ana bibi wa kumkemea. Mtoto wa mtaani kwetu ni mtoto wetu. Anayekusudiwa na fomu ni anayelala njiani, sokoni au bandarini. Basi taja hapo anapolala, na taja kama ana mtu mzima anayemjua.

Namna ya kuiandika barua

Anza na usiku wa jana: alilala wapi, chini ya paa la nani. Halafu mpaka lini anaweza kuendelea hapo. Kama kuna tarehe ya eda, ya mkataba au ya notisi, iandike kwa tarakimu. Halafu kilichotokea, kwa kitenzi chake sahihi. Kiwanja kipo au hakipo. Mwisho uliza kwao, na uulize kwa upole, kwa sababu wengine kwao ndiko walikokimbia kipigo, na kuwaandikia warudishwe ni kuwarudisha kwenye kipigo hicho. Mzee asiye na jamaa kabisa atajwe hivyo wazi, kwani nyumba za wazee za Serikali, Sebleni na Welezo kwa Unguja na Limbani kwa Pemba, zimekusudiwa watu wa hali hiyo, wala si kila mzee aliyebomokewa.

Ukihesabu baada ya maafa, chagua kipimo kimoja na ukishike. Nyumba kumi zilizoanguka Mwanakwerekwe zinaweza kuwa kaya 18, maana nyumba moja ina wapangaji vyumba vya mbele na mwenye nyumba uani. Taarifa ikisema "familia kumi hazina makaazi" kwa kuhesabu paa, kaya nane hazitapata hata turubali, na karibu zote zitakuwa za wapangaji.

Barua ya yule mzee wa Micheweni basi isomeke hivi: "Amebomokewa na nyumba yake ya udongo, ukuta wa kusini na nusu ya paa, tarehe tano mwezi huu. Kiwanja ni chake. Amejishikiza kwa binti yake nyumba ya jirani, watu saba vyumba viwili. Mafundi wapo kiamboni. Anaomba miti, fito na makuti, na udongo upo hapo hapo."